Mwavuli wa Maua ya Kitunguu

Mmenikalisha kitandani kama mgeni rasmi, mmenirundikia mito mgongoni, halafu mnasema, mama, tuachie neno. Neno gani? Vitunguu vyangu mmevila tangu mlipoota meno, hakuna aliyewahi kuniuliza vinaoteshwaje mahali ambapo mvua haijui kunyamaza, na leo pumzi zimebaki za kuombea maji ya kunywa tu, ndiyo mnakumbuka kuwa nina mdomo. Haya, sogeeni. Na huyo anayelia mlangoni anyamaze kwanza, sijafa.

Nyumba hii ni yenu wote, isiuzwe. Shamba la juu nampa kitindamimba wangu, huyu mshonaji, si kwa sababu nampenda kuliko ninyi, bali kwa sababu akiona mmea unanyauka anainama autazame. Ninyi wengine mnapiga simu. Lakini shika, mwanangu, shamba bila akili yake ni tope tu. Miche uikuze chini ya paa la nailoni, mvua isiipige ikiwa bado nyembamba kama uzi wako, na ikishapata nguvu uihamishie kwenye matuta yaliyoinuliwa mpaka magotini, kando yake mfereji unaoteremka moja kwa moja hadi mtoni, usikatike popote. Usiibananishe kwa tamaa; upepo upite, majani yakauke kabla ya jioni. Ukipalilia usikifukie kitunguu, mabega yake yawe wazi. Majani yakilala, ng'oa siku ya jua, na jua likikuponyoka usiviache chini, vipandishe kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uvipitie, wala usikate shingo mpaka uifinye uone imekauka kabisa. Wanaosema kitunguu hakitaki mvua wanakisingizia. Hakitaki kusimama majini, kama wewe tu.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Alinifundisha mdogo wangu, mama yenu mdogo, ambaye watoto humu ndani mnamjua kwa kutajwa tu. Lile shamba la chini, lililokaa na magugu miaka mingi, ni lake. Mimi nilikuwa na mikono ya kulima, yeye alikuwa na mikono ya mbegu. Kila msimu alichagua vitunguu vilivyoivumilia mvua kuliko wenzao, akavirudisha ardhini vitoe maua, na wingu likijikunja tu, huyo, mbio na mwavuli wake mweusi wenye kijiti kimoja kilichovunjika, anasimama kuyakinga, maana ua la kitunguu likilowa mbegu zinaozea humohumo. Nikamwambia, "We mwanamke, ufunge huo mwavuli kwenye mti uje unywe chai." Akanijibu, "Mti utajuaje upepo umegeukia wapi, dada?" Basi nampelekea chai hukohuko, tunabanana chini ya mwavuli wa mtu mmoja, mimi bega langu linalowa, yeye bega lake linalowa, tunasengenya watu mpaka mvua inakatika. Nusu ya kikombe changu cha bati ilikuwa maji ya mvua, na sijanywa tena chai tamu kama ile.

Kisha ukaja mwaka ambao vitunguu vyake vyote viliozea ardhini na vyangu vikasalimika. Maji yalikuwa yameuacha mfereji yakaingia kwake. Akaja akasimama pale mlangoni, miguu tope tupu, akasema, "Dada, umenigeuzia maji." Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Hakuwa anatania. Alibeba mwavuli na vitunguu vyake vya mbegu, akaenda kupanga chumba nyuma ya stesheni, na tangu hapo nanunua mbegu za kopo, zinazoota kwa madaha na kuoza kwa haraka. Salamu nilizotuma zilirudi kama zilivyokwenda. Tumeishi mji mmoja kama marehemu wawili.

Mvua za msimu uliopita ndizo zilizosema kweli. Ukingo wa mfereji ulibomoka nyuma ya karakana ya kaka yenu mkubwa, Fundi, na kwenye tope likachungulia gunia kuukuu. Nikalivuta, likapasuka: maranda ya mbao. Seremala katika ukoo huu ni mmoja. Nikamwita.

"Mama, maji yalikuwa yanaingia kwenye mbao za wateja. Niliziba kidogo tu, nikasema mvua ikipungua nitazibua."

"Na mama yako mdogo alipofunga mizigo?"

"Nilikuwa nasubiri hasira zipoe."

Hasira zikapoa, mvi zikamwota kichwani, yeye bado anasubiri.

Nilimtuma akaseme kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema mama mdogo hakumtukana, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na vitunguu vya mbegu, ukoo uleule wa zamani, kumbe miaka yote alikuwa akiuotesha kwenye ndoo zilizotoboka. Akampa na mwavuli. "Vipande shambani kwangu. Vikitoa maua na mvua ikinyesha, utasimama wewe. Si mwanao, si kibarua, si mti. Siku mbegu zikikauka niite, nitakuja kuzivuna na dada yangu."

Nimeihesabia siku hiyo kama mtoto anayengoja nguo mpya. Maua yakatoka. Na mwaka huu mvua imekataa kuondoka. Kitindamimba alitaka kukimbia kumwambia mama yenu mdogo kuwa naugua, nikamkataza, kwa sababu namtaka aje kwa ajili ya mbegu, asije kwa ajili ya jeneza.

Basi... nipeni maji. Basi, nikitangulia, asipigiwe simu. Kichwa cha kwanza cha mbegu kikikauka kipelekeni mkononi mwake, ndipo mseme. Shamba la chini ni lake, na mfereji usizibwe tena na mtu, hata kwa kiganja. Mbegu mgawane naye. Kikombe changu kile cha bati... apewe yeye.

Inamisheni vichwa. Mikono yenu iote. Mlale pakavu, na jirani yenu naye alale pakavu... Nigeuzeni kidogo, nione dirishani.

Yule pale, kaka yenu. Mwavuli uleule, kijiti kilekile. Mvua ilipoanza alikuwa ameushika mkono wangu huu, akanitazama, nikamwambia nenda. Wewe mkewe, kaa chini. Usimwite. Ninyi wote mtanishika... yeye hatanishika. Mwacheni asimame. Maua bado... bado hayajakauka.