Mbegu Zimeshalowekwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea kibanda cha kinyozi pale njia ya mashambani inapoingia barabarani, na asubuhi ile lilikuwa limeelemewa na wanaume watatu na ubishi mmoja. Kinyozi, waliyemwita Rada kwa kuwa hakuna habari iliyopita bila kuinasa, alikuwa na mkasi mkononi na hana kichwa cha kunyoa. Pembeni yake fundi baiskeli, Injinia, kakumbatia tairi lisilo na upepo. Wa tatu ni Gia Tano, dereva wa lori mstaafu, anayeongea kama anayepanda mlima na mzigo. Muuza kahawa alikuwa akimimina tu. Walikuwa wanabishania vigingi, vile vijiti vyenye vichwa vyekundu vilivyopigwa bondeni wiki iliyopita, kila shamba chake, na watu walioshuka kwenye gari, wakapima, wakapanda gari, salamu hawakutoa.

Hapo ndipo alipotokea yule mama kijana, beseni la mbegu kichwani, mtoto mgongoni, pumzi juu juu. Jana jioni, mvua ilipokatika, alikuwa ameloweka mbegu za mahindi, zote, hakubakiza hata kibaba, maana udongo ulikuwa umelainika na jembe linazama lenyewe, na mbegu ikishavimba hairudi tena kwenye gunia, leo ni leo. Alfajiri akashuka bondeni, akatazama kulia, majani, akatazama kushoto, majani, hakuna jembe hata moja linalolia, na katikati ya shamba lake kile kigingi kimesimama kama mtu. Akajiuliza: Wenzangu wanajua nini nisichokijua mimi? Mume yuko mbali kwenye kazi za ujenzi, simu yake haishiki, na shamba lenyewe walionyeshwa kwa mkono tu na mama mkwe, Mungu amrehemu, kutoka kichuguuni hadi mferejini, basi, hakuna karatasi, na waliosikia siku hiyo ni wawili watatu. Akageuza mbio mpaka kijiweni.

— Shikamoo baba mdogo, alimwamkia Gia Tano, ambaye ni mdogo wake baba mkwe. Shemeji zangu, habari za hapa. Eti vile vigingi ni vya nini?

Walimsogezea nafasi, wakafurahi, maana mwenye kuuliza ni bora kuliko mwenye kubisha.

Rada alisema ni barabara, ya lami, magari sita yanapita sambamba, na kila mmoja wao atafungua duka mbele ya mlango wake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alimalizia. Kigingi kimekuja, sisi tumepona.

Injinia akacheka mpaka tairi likamponyoka. Barabara gani inayopigwa vigingi zigizaga kama mlevi anayetafuta kwao? Lile ni bwawa, bwana. Bonde zima litajazwa maji, na watakaopona ni wenye kujua kuogelea. Ndiyo maana yeye anashauri kungoja, wahenga hawakukosea, chelewachelewa utamkuta mwana si wako.

— Hiyo inakwambia usichelewe, alisema Gia Tano.

— Kwenye watoto, mzee. Mimi naongelea shamba.

Gia Tano hakutaka kubaki nyuma. Yeye alishapeleka mzigo sehemu moja, hakumbuki wapi, akaona vichwa vyekundu vya namna ileile, na chini yake kulikuwa na madini mazito hata lori lililala ubavu. Rada naye akaona barabara yake imepitwa, akaiacha palepale, akasema basi sikieni la mwisho: nyekundu ile ni ya kuonekana kutoka juu, kuna watu wamenunua mvua, wanataka kujua inaangukia kwa nani ili kila mtu alipie tone lake.

Mama kijana alikuwa akiwafuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Barabara, bwawa, madini, mvua ya kulipia, yote yanawezekana, yeye ni nani. Alimtikisa mtoto aliyeanza kulia, akashusha beseni, akafunua kitambaa. Mbegu zilikuwa zimenenepa, nyingine zimeanza kutoa kijino cheupe.

— Sasa nani alisema tusipande?

Rada alisema hilo linajulikana. Linajulikana kwa nani? Yeye aliambiwa na Injinia. Injinia akajikuna, akasema hakuambiwa na mtu, ila Gia Tano ndiye wa kwanza kupanda kila mwaka, na mwaka huu alimwona amekaa, akajisemea, mzee huyu ametembea dunia, ana analolijua. Naye akakaa. Jirani zake wakamwona amekaa.

Wote wakamgeukia Gia Tano. Alikunywa kahawa yake taratibu mpaka mashapo ya chini.

— Mpini wa jembe langu ulivunjika, alisema. Nikaja hapa kupumzika. Kisha nikasikia watu hawapandi, nikasema, afadhali sikuhangaika na mpini.

— Mbona hukusema, mzee? aliuliza Injinia.

— Nani aliniuliza?

Rada alikuwa wa kwanza kujikusanya, akasema mpini au si mpini, kigingi kipo, shemeji usije ukatupa mbegu kwenye ardhi itakayochukuliwa. Gia Tano akaitikia, subiri, mwanangu, warudi kwanza wale watu, tujue moja.

Hilo lilimtisha mama kijana kuliko bwawa. Maneno yalimtoka kwa mkupuo, hata yeye hakujua kama alikuwa nayo.

— Wakirudi wakakuta majani matupu, baba mdogo, mama mkwe hayupo tena, mume wangu hayupo, watajuaje kwamba lile shamba lina mwenyewe?

Rada aliutazama mkasi wake. Injinia alibonyeza tairi, akalibonyeza tena. Muuza kahawa alisimamisha birika hewani, kikombe kikangoja.

Mama kijana alingoja kidogo kwa adabu, akajifunga upya kanga ya mtoto, akachuchumaa, na Gia Tano akainuka kumsaidia kujitwika. Aliondoka bila kuaga, hofu yote bado iko kifuani, miguu ikienda bondeni.

— Rada, alisema Gia Tano akiwa bado amesimama. Niazime jembe lako.

Rada alikuwa ameshaanza kufunga kibanda.

— Leo haliazimiki, mzee.