Waoga Wawili na Pango la Jumamosi

Nje ya duka la vyakula vya mifugo, kwenye kona ya mji mdogo wa jimbo la Missouri, kuna benchi ambalo watu watatu hulikalia kila asubuhi mpaka jua liwafukuze. Nadine, waliyembatiza Redio, huja na chupa ya kahawa. Orval, seremala anayeitwa Msumari kwa kuwa akishasema neno haling'oki, huja na ubishi. Asubuhi ile Verlin, dereva mstaafu wa malori ambaye wao humwita Breki, alikuja na tatizo. Shule zimefungwa, mjukuu wake Josie anatimiza miaka tisa Jumamosi, na zawadi aliyoomba ni kwenda na babu yake kwenye hifadhi ya jimbo, wakatembezwe pangoni. Nafasi za Jumamosi zilikuwa zinakwisha. Ilibidi apige simu kabla ya saa sita.

— Mle ndani kuna baridi, alisema Redio. Beba sweta.

— Sweta litamsaidia nini? alidakia Msumari. Kuna mahali unapita umeinama. Mwenye kitambi kama Breki atanasa kama kizibo.

— Halafu muongozaji anazima taa. Makusudi kabisa, ili mlijue giza lenyewe.

Verlin alishusha kikombe.

— Anazima kwa muda gani?

— Inategemea ameamkaje siku hiyo, alisema Redio.

— Na mvua ikinyesha huku juu, kule chini maji yanajaa, alisema Msumari. Mnaelea mpaka pua zinagusa dari.

— Darini wenyewe ni popo. Binamu ya shemeji yangu aliingia na nywele nyeusi, akatoka na mvi.

— Yule alikuwa na mvi tangu shuleni, Redio.

— Basi alitoka na nyingi zaidi.

Walicheka wawili. Verlin alifuta viganja kwenye suruali. Kuna jambo hakuwahi kuwasimulia: ujanani, akiwa kibarua kwenye kinu cha nafaka, mahindi yalimporomokea ndani ya kihenge yakamfunika mpaka shingoni, akakaa humo saa nzima akisubiri kufukuliwa. Tangu siku hiyo hapandi lifti, wala halali mlango ukiwa umefungwa.

Mwanamke aliyekuwa akingoja magunia yake yapakiwe garini aliwageukia.

— Samahanini wazee wangu. Hilo pango liko mbali?

— Nusu saa tu, alisema Msumari.

— Na kati yenu nani amewahi kuingia?

Msumari alitazama viatu vyake. Redio alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa, ikamwagika.

Verlin aliinuka, akaenda nyuma ya duka. Hakupiga simu hifadhini. Alimpigia mjukuu wake.

— Josie, nikuambie kitu. Babu yako anaogopa mahali panapobana. Anaogopa sana.

Josie alishusha sauti.

— Hata mimi naogopa giza, babu. Ndiyo maana sikutaka kwenda na mama. Mama angeniambia hakuna cha kuogopa.

Verlin aliegemea ukuta.

— Haya, twende hivyo hivyo, waoga wawili, alisema. Sasa kata simu, niwapigie wale watu kabla nafasi hazijaisha.