Buti za Watu Thelathini na Wawili

Baada ya miaka kumi na minane ya kujitolea, Mzee Jean-Berchmans Kashindi anastaafu kazi ya kulinda Mto Mulongwe leo, Jumamosi tarehe 31 Agosti 2024. Magoti yamegoma. Anahamia Nyakabere kwa binti yake Noella, na familia imeshaonywa ifiche majembe.

Komite yetu ya kulinda mto ilipoanza mwaka 2006 tulikuwa watu thelathini na wawili. Kila Jumamosi saa moja asubuhi tulikutana darajani, tukaitwa majina, kisha tukashuka kuokota plastiki kabla hazijafika ziwani na kupanda matete ukingoni, ili mto usile udongo chini ya nyumba zetu. Mzee alishika daftari la majina, na hakuwa na mzaha. Mbuzi wa Bertrand, jirani yake, alipokula matete machanga, alirudishwa kwao na barua ya onyo iliyoandikwa kwa jina la mbuzi mwenyewe.

Polepole watu walipungua. Baadhi walihama, baadhi walichoka. Baada ya mafuriko ya 2020 wengine walirudi kwa wiki chache, halafu wakatawanyika. Mwishowe Mzee alibaki peke yake, lakini aliendelea kuita majina yote kwa sauti. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, akasubiri, kisha akaandika “yuko”. Mama Sabine, anayeuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, hapo darajani, alimuuliza anamdanganya nani. Alijibiwa hivi: “Minye siwezi andika muntu hayuko. Iko mu njia.” Kwake, kila aliyekosekana alikuwa njiani tu.

Ndivyo yalivyotupata ya mwaka 2022. Shirika moja liliomba kuona daftari, likakuta watu thelathini na wawili wasiokosa hata Jumamosi moja. Likatuma jozi thelathini na mbili za buti za mpira. Mzee alizipokea peke yake, akazisukuma nyumbani kwa toroli, safari nne. Kartie nzima, mtaa wote, tulicheka hadi machozi. Yeye aliandika jina la mtu kwenye kila jozi, akazipanga ukutani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alibeba jozi mbili za ziada hadi darajani, pengine mtu atatokea. Saa sita alizirudisha zikiwa safi.

Anaacha mita mia mbili na kumi za matete yaliyoshika vizuri. Nyuma ya matete hayo zimesimama nyumba kumi na moja, na moja ni yangu.

Mimi ninayeandika haya ni jina la kumi na tisa. Wiki jana nilipewa daftari ili niandike wasifu huu, nikajitafuta humo. Tangu mwaka 2013 sijashuka mtoni hata mara moja, na kila Jumamosi nimeandikwa “yuko”. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Maana nilikuwa nasikia. Kutoka kwangu hadi darajani si mbali. Nilisikia jina langu likiitwa nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na nilikisikia kile kimya alichoniachia ili niitike. Nilikunywa chai yangu.

Mvua zinakaribia, na matete ya upande wa chini yameanza kung'oka. Bila mkono wa kuyapanda upya, msimu huu mto utafika kwenye kuta zetu.

Mzee Jean-Berchmans, asante kwa nyumba zetu, na utusamehe upweke tuliokupa. Nenda salama, upumzishe magoti, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Buti zenye jina langu nimekuja kuzichukua, zinanibana kidogo. Jumamosi ijayo saa moja nitasoma daftari mimi mwenyewe. Jina lako ni la kwanza. Nitasubiri kidogo, kama ulivyokuwa ukitusubiri, kisha nitaandika “yuko”. Nikifika kwenye la kumi na tisa, nitaitika.

Aimé Byamungu