Mwalimu wa Nyota na Pete Yake ya Chuma

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, marehemu alikaa jikoni, mkono juu ya meza, mumewe akiikata pete yake kwa msumeno mdogo wa chuma. Vidole vilikuwa vimevimba. Alimwambia mumewe aende taratibu, kidole si bomba. Pete ilipoachia, mumewe aliahidi kuichomelea na kuirudisha pale pale. Kisha wakaenda hospitali kusafisha damu, kama kawaida yao.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, binti wa fundi cherehani. Dada yake anasema alichelewa kutembea lakini aliwahi kuuliza. Kwa nini nyota ile nyekundu, na ile ya buluu? Baba yake alimjibu kwamba hajawahi kuzishonea nguo, hajui.

Jibu alilifuata shuleni, kisha chuoni, akahitimu ualimu wa fizikia mwaka 1974. Alifundisha sekondari ya wasichana hadi alipostaafu mwaka 2011. Ili waone nyota inavyozaliwa, aliingiza darasa zima kwenye stoo ya madawati. Ninyi ni gesi na vumbi, aliwaambia, sogeeni, sogeeni tena. Mkuu wa shule alifungua mlango akidhani kuna fujo. Alimkuta mwalimu katikati, anatiririka jasho, anaeleza kwamba wingu likijibana hivi hupata joto mpaka moyo wake ukawaka.

Mumewe hakusoma. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mwalimu alimletea mguu wa darubini uliovunjika, akabaki kutazama chuma kikitoka wekundu kwenda weupe. Akasema nyota nazo ni hivyo hivyo, nyekundu ndiyo yenye joto dogo. Kesho yake akarudi tena, ingawa darubini ilikuwa nzima kabisa.

Walioana tarehe 17 Julai 1976. Dhahabu haikuwepo, bwana harusi akatengeneza pete ya chuma. Shangazi wa bibi harusi aliishika kwa vidole viwili, akauliza kama ni nati ya baiskeli. Bibi harusi alimjibu hapo hapo.

Nyumbani aliendelea kufundisha. Nyota kubwa ina pupa, alisema, humaliza kuni zake mapema. Ndogo hula kidogo kidogo, ikaishi sana. Hapo alimtazama mumewe, anayemfika begani, akacheka. Nyota kubwa huunguza gesi nyepesi ikapata nzito, nzito ikapata nzito zaidi, hadi ndani panakuwa chuma. Chuma hakiipi joto tena. Moyo wake huporomoka, ikalipuka, na vilivyokuwa ndani yake vikatawanyika kuwa nyota nyingine, sufuria, damu ya watu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Daktari aliposema chuma kimepungua kwenye damu, mwalimu alimwambia kimehamia kidoleni. Siku ile ya pete walimlaza. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, pete ikiwa bado mezani karakanani, ncha zake zimeachana.

Ameacha mume, dada, mabinti wawili na wajukuu watano. Mabinti walileta pete ya dhahabu, mama azikwe nayo. Baba yao aliishika. Kisha akawauliza kama wanajua mama yao alimjibu nini shangazi. Hawakujua. Alipowaambia, binti mkubwa aliirudisha dhahabu mkobani, wakaenda naye karakanani. Pete ya chuma iko kidoleni sasa. Kovu lake la kuchomelewa linaonekana.

Alale salama, mwalimu wetu. Jibu lenyewe lilikuwa hili:

“Shangazi, nyota ikifika kwenye chuma haitafuti kingine. Na mimi nimefika.”