Baba Hampi Mwanawe Upinde

Yoramu, toka hapo mlangoni, unaniziba mwanga, na mwanga niliobakiwa nao si wa kugawana na mgongo wa mtu. Ingia ukae. Eliakimu naye asogee, akae goti kwa goti na kaka yake, wala msinitazame kama nimewaambia mlale na nyoka. Tumbo lililowabeba lilikuwa moja na halikuwa na ukuta katikati. Lydia, mwanangu, niinue kidogo, niegemeze nguzoni. Hivyo. Sasa nisikieni, wana wa Raheli, na midomo yenu ikae kimya, kwa sababu pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu, ya kurudia sina.

Ngoma ya kumbini mnaisikia. Jua likishuka, mbuzi wakianza kurudi, wana wenu wawili, Yeremia wa Yoramu na Amosi wa Eliakimu, watatoka jandoni wamepakwa mafuta, watasimama mstari mmoja na wenzao mbele ya Hombolo nzima, na kila mmoja ataitwa kwa jina apokee upinde wake. Upinde uliopo ni mmoja. Watoto ni wawili. Hilo ndilo lililonifanya nisife jana.

Mnajua anayeitwa akakosa upinde hufanywa nini. Hupewa kata ya maji, huambiwa akawanyweshe wenzake, na jina la Mnyweshaji humfuata mpaka siku anapokwenda kuposa, wakwe wakacheka kabla hawajamkaribisha kigoda. Na mnajua baba hampi mwanawe upinde. Hutoa babu, na babu akishindwa hutoa ndugu wa baba. Wazee waliona mbali: mtoto aliyepewa silaha na baba yake humjua baba yake tu, na siku ukoo ukivamiwa hulinda mlango mmoja. Mimi nimechonga pinde za kuwapa vijana tangu niliporudi kutoka vitani Burma, sijauza hata mmoja, na leo miguu hii haiwezi kunifikisha uani. Kwa hiyo ni ninyi. Yoramu atampa Amosi, Eliakimu atampa Yeremia. Ninyi ambao hata chumvi mnaombana kwa kumtuma Lydia.

Kwanza niondoe mali, maana mwenye njaa hasikii mahubiri. Shamba la bondeni, upande wa bwawa, ni la Yoramu. Jasho lake limelilowesha kuliko mvua za nchi hii zinavyolilowesha. Tembe hii na mbuzi wanaolala ndani yake ni vya Eliakimu, ili asipate kisingizio cha kusema hana pa kurudi. Kichaka cha mikole kule mlimani, tunakokata miti ya pinde, ni cha Lydia. Nini, Yoramu? "Ameolewa Kibakwe"? Ameolewa, hakuzikwa! Aliyeacha mji wake akaja kunigeuza kitandani kama mtoto ni yeye, si wewe. Wewe ningekupa ungewaachia wachoma mkaa, na huyu mdogo wako angekaa kivulini akikiandikia project proposal. Kichaka ni cha Lydia. Finish. Hicho ni Kiingereza cha jeshini, hakina digrii, lakini mtu akikisikia anasimama.

Sasa ugomvi. Niutaje kwa jina lake, kwa sababu donda linalofunikwa ndilo linalonuka. Yoramu anasema ng'ombe wake walienda Chuo cha Mlimani wakarudi karatasi. Kweli, niliwauza mmoja baada ya mmoja, mpaka zizi likaota mchicha, ili mdogo wake asome. Lakini walikuwa ng'ombe wangu, sikukuomba ruhusa na leo siombi radhi. Tuliambiwa someni, nchi inawangoja. Tukaamini. Eliakimu alipofika na digrii yake mkononi, nchi ilikuwa imeshafunga ofisi na kufungua genge. Ajira imesitishwa, wakamwambia, sasa ni soko huria, kila mtu ajiajiri. Ruksa! Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuuza maandazi, ruksa kufa na vyeti vyako vikiwa safi ndani ya bahasha. Sasa hivi sabuni za nje zimejaa madukani, wa kuzinunua ndiye hakuna. Nimemwona mtoto huyu akienda mjini Dodoma amepiga pasi suruali ileile, akirudi jioni na vumbi lilelile, na mdomo mchungu kama shubiri. Je, alikula ng'ombe wako, Yoramu? Wote mmeibiwa na mwizi mmoja, kisha mkakamatana ninyi kwa ninyi, naye mwizi akaondoka zake anapiga mluzi.

Usilie, Eliakimu. Bado sijafika kwako.

Yoramu, niangalie. Miti miwili ya mkole niliikata na kuichonga mwenyewe nikiwa bado na nguvu, nikaipaka mafuta ya kondoo, nikaining'iniza moshini juu ya mafiga ikauke taratibu. Mmoja niliupima kwa mkono wa Yeremia, mwingine kwa mkono wa Amosi. Watoto walipoingia kumbini, mmoja ukapotea, ule wa Amosi. Nilipouliza ukaniambia, "Baba, mchwa wameula." Mchwa! Mchwa gani hao wanaopanda moshini, wakakohoa, wakauacha mti wa mwanao wakachagua wa mtoto wa ndugu yako? Mimi ni mgonjwa wa kifua, si wa pua. Siku ile Lydia alipokwenda kisimani, nilisikia harufu ya mafuta ya kondoo yakichemka ndani ya mkole, harufu ambayo kuni za kawaida hazina, na wewe umechuchumaa pale unachochea, unapuliza kama mama anayepika uji wa mzazi. Ulitaka Amosi atoke mikono mitupu. Ulitaka babake aonje anavyojisikia mtu ambaye vitu vyake vimegeuzwa moshi. Kaa chini! Nimesema kaa. Ukitoka mlango huo sasa, unatoka na laana, na ninayo ya kutosha.

Wewe nawe, Eliakimu, usitikise kichwa, usijifanye hakimu. Uliposikia mti umepotea ulifanya nini? Hukuja kuniuliza. Ulikwenda mjini kwenye duka la Parvez la vinyago, ukachukua upinde uliopakwa vanishi, umefungwa manyoya ya kuku, na upote wake, kamba ya kuvutia, ni uzi wa nailoni. Parvez mwenyewe, Mungu ambariki, alikwambia, "Bwana Eliakimu, hii ni ya kutundika ukutani, si ya kuvuta." Wewe ukaleta, ukauficha chini ya kitanda ukikusudia kumpa mwanao kwa mkono wako mwenyewe. Kwa mkono wa baba! Nikakuuliza, ukanijibu, "Dad, it's symbolic." Symbolic. Niliuvuta mimi huyu niliyelala, ukapasuka kama bua la uwele. Angeuvuta Amosi mbele ya watu, ungempasukia usoni, na watu wangecheka mpaka ngoma ikasimama. Mmoja alichoma, mwingine alinunua. Mnafanana kuliko mnavyodhani.

Lydia, maji. Kidogo tu.

Haya. Uamuzi wangu ni huu, na msiupindishe nikishageuza kisogo. Upinde uliobaki, wa Yeremia, atapewa Amosi. Mikono yao imelingana, nimeipima. Utautoa wewe, Yoramu, kwa mikono yako yote miwili, mbele ya watu, na utamwita "mwanangu". Najua unaniuliza kwa macho, na Yeremia je? Yeremia atachukua wangu. Ule pale juu ya kichwa changu, alionichongea mjomba baada ya jando, niliokwenda nao kila windo.

Tulieni! Najua desturi, mimi ndiye niliyewafundisha. Upinde wa mzee huvunjwa juu ya kaburi lake, asije akatembea akiutafuta. Eliakimu, hata wewe msomi umeshtuka, nimeona. Kumbe digrii haikuosha kila kitu. Nisikieni: sitautafuta. Mtu hatafuti alichokitoa. Lakini ule ni upinde wa mtu mzima, Yeremia hawezi kuuvuta hata nusu mpaka ukwanguliwe uwe mwembamba, na upinde wa mzee haukwanguliwi akiwa amekufa, huo ni uchuro. Hukwanguliwa yeye akiwa hai, akisikia kwa masikio yake. Na mimi uhai wangu mnauona, uko wapi? Uko hapa kooni.

Kwa hiyo ni sasa. Yoramu, ushushe. Keti, ushike ncha moja, nyingine iegemeze gotini kwako, usiache itikisike. Eliakimu, chukua kisu changu. Ndiyo, wewe. Anayeukwangua ndiye atakayeutoa, hivyo ndivyo ilivyo, na wa kumpa Yeremia ni wewe. Kwangua upande unaotazama kifua cha mvutaji. Ule unaotazama adui usiuguse, ukiukata hata unywele mmoja umeua upinde. Nyuzi nyembamba, kama unamenya embe bichi. Ukikwangua kidogo, mwachie Yoramu aupinde, atazame kama pande zote mbili zinakunjika sawa, kisha endelea. Kano za upote ziko kwenye kibuyu; zilowesheni, zisokoteni pamoja, mmoja huku na mwingine kule, maana mtu mmoja hasokoti upote wa kuaminika.

Sisikii kisu.

Nimesema sisikii kisu, Eliakimu. Jua halikungoji.

...Ehe. Hiyo hapo.

Sogeeni niwatemee mate ya baraka. Mdomo umekauka, Lydia, nilowanishe... Haya. Mulungu awape mvua isiyochagua shamba. Awape watoto watakaowazika. Eliakimu, upate kazi, na ukiikosa usimpige mkeo kwa ajili ya Serikali. Yoramu, zizi lijae tena, na likijaa usihesabu ni wangapi walipaswa kuwamo. Lydia... wewe umeshabarikiwa, huoni tu.

Mkikamilisha nendeni kumbini. Wote watatu. Mimi niacheni hapa. Na mtu akiwakimbilia njiani akisema mzee amekwenda... msirudi. Toeni pinde kwanza. Watoto wapokee, wavute, watu wapige vigelegele... ndipo mlie. Kaburini kwangu... msivunje kitu.

Punguza mkono, Eliakimu. Unakwangua kama unakwangua Serikali... Yoramu, mwambie. Mimi sina tena... sauti. Mwambie ndugu yako kitu. Chochote. Hata tusi.

...

Amesema nini? Lydia, amesema nini?

"Tuliza mkono, msomi."

Haya. Nimesikia. Endeleeni... endeleeni hivyo hivyo...