Risala ya Kuomba Laptop Moja ya RAM 8 Badala ya Tatu za RAM 4

Mgeni rasmi, Ndugu Evaristi, Mwenyekiti wa Mfuko wa Jamii,

Sisi bibi kumi na wanne wa Kibingo tunakukaribisha kwa furaha. Umetuamkia shikamoo mmoja mmoja kabla hujaketi. Wenye vyeo wengi husubiri waamkiwe wao. Marahaba, mwanetu.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza kwa ajili ya Kemigisha, mjukuu wangu mimi Benadeta ninayesoma risala hii. Ana miaka kumi, ni kiziwi, anasoma bweni mbali. Alikuja likizo anazungumza kwa mikono, sisi tumekaa kama magogo. Tuliona aibu, tukajifunza.

MAFANIKIO

Tunajua ishara mia mbili na kidogo. Kanisani tunateta katikati ya mahubiri bila kumsumbua mchungaji. Tuliuza kahawa, tukanunua laptop ili kila Jumamosi tuongee na mtoto kwa video, maana kwenye simu ya mwenzetu Vero mikono inaonekana kama miguu ya siafu.

KINACHOTUKWAZA

Kosa ni letu. Dukani kulikuwa na laptop yenye diski ya GB 256 na RAM ya GB 8, na nyingine yenye diski 1000 na RAM 4. Tukachukua ya elfu, kama mtu anayechagua mkungu kwa urefu. Fundi Lameck alipoifungua alicheka.

"Bibi zangu, diski ni ghala, RAM ni mkeka wa kuanikia kahawa. Ghala mnalo, mkeka wenu ni wa kukalia mtu mmoja!"

Na kuongeza haiwezekani, RAM yenyewe imegandishwa kwenye ubao. Tukifungua video pamoja na kamusi ya ishara, picha inasimama; hata tukifunga kamusi, video peke yake haifiki mbali.

Mwezi uliopita Kemigisha alituambia amenitungia jina, maana kwa viziwi mtu hupewa jina lake la mikono. Akagusa shavu, mkono ukaanza kushuka, picha ikaganda hapo hapo. Kila Jumamosi akirudia, inaganda tena.

"Anasema mashavu yako," akasema Vero.

"Mashavu yapi?" akadakia Salvina. "Si yaliondoka na meno!"

Mwalimu wake alitaka kutueleza kwa simu, nikakataa. Jina halielezwi, mtu anaitwa. Ila nina presha ya macho, mgeni rasmi, na ukungu unazidi. Likizo ni Desemba. Daktari hakuniahidi Desemba.

TUNACHOOMBA

Barua yako inasema tutapata laptop tatu za RAM 4, moja kila kitongoji. Asante sana. Lakini zitaganda zote tatu. Tulinuniana wiki mbili, kila kitongoji kinataka yake, mpaka Joviana wa kitongoji cha juu akasema, "Chukueni yetu, Benadeta aitwe." Wa chini nao wakaachia yao.

Tunaomba moja tu, ya RAM 8, yenye nafasi wazi ya kuongeza ifike 16 siku kahawa ikikubali. Diski iwe yoyote. Kumi na sita sasa hivi ni tamaa, na tamaa tuliyobakiwa nayo ni ya ugoro.

Mungu akuzidishie, awatunze waliokufundisha kuamkia watu. Jumamosi tunampigia saa nane mchana. Ukiileta mwenyewe, utakuwepo mjukuu wangu akiniita.

Ni sisi,
Kikundi cha Bibi wa Mikono, Kibingo