Nyumba Isiyo na Kibao

Tarehe 30 Juni 1978 Mzee Ghalibu Soud anaiaga Ofisi ya Usomaji wa Nyumbani hapa Tabora, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne: saba ya mwanzo chini ya Mwingereza, iliyobaki chini yetu wenyewe. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nyaraka zake zote nilizipiga chapa mimi, na kamati inaamini kwamba anayezijua koma zake anamjua na mwenyewe. Haya, nimekubali. Ila kamati isije ikaninunia.

Aliingia kazini akiwa karani wa kuazimisha vitabu, akizunguka na baiskeli kutoka Kitete hadi Isevya. Uhuru ulipokuja, wakubwa wapya walitaka kila mtumishi atoe wazo la kujenga taifa. Wengi walitoa wazo la kuongezewa viti. Mzee Ghalibu alisema nyumba zisomewe. Baba akimaliza kula, asikimbilie barazani kwenye bao na kahawa. Akae na mkewe na watoto, afungue kitabu, awasomee kwa sauti, na iwe ada kama kula kwenyewe. Wazo zuri, hapo sina utani.

Nyumba iliyotimiza ilipewa kibao cha bati chenye maneno NYUMBA HII INASOMA, kikapigiliwa juu ya mlango wa mbele. Na kwa kuwa anatujua sisi watu wa Tabora, aliweka sharti: mwenye nyumba asome kwa kinywa chake mwenyewe, balozi wa nyumba kumi akiwepo na akisikia. Kutuma mtu marufuku. Sharti hilo nililipigia mstari kwa amri yake.

Usomaji wa kwanza ulifanyika Isevya, kwa fundi cherehani Lukumani. Sasa, wenyeji wa mjini kusoma kwa sauti wanakujua tangu enzi za mababu: ni khitma au ni maulidi, hakuna la tatu. Basi majamvi yakatandikwa, udi ukafukizwa, majirani wakaja wameoga na kanzu zimenyooshwa. Kijitabu chenyewe kilihusu uchimbaji wa choo cha shimo. Lukumani alikisoma kwa mahadhi, na kila alipovuta pumzi umati uliitikia amina. Alipofika kwenye kina cha shimo, mama mmoja alijifuta machozi. Kisha watu wote wakatulia wakisubiri pilau, maana ni nani amewahi kusomewa akarudi kwake na njaa? Mzee Ghalibu alitaka kufoka, lakini sinia likamwahi. Katika taarifa aliandika kwamba wananchi wamelipokea somo kwa unyenyekevu. Hakudanganya, na vyoo vilichimbwa.

Kule Puge, katika kijiji cha ujamaa, mambo yalikuwa mengine. Silasi, mkulima wa pamba, aliisomea familia yake kijitabu cha mbolea ya samadi, akifasiri Kinyamwezi kwa ajili ya mama yake. Bibi yule akamkatisha akitaka kujua huyo anayesema kitabuni ni mtoto wa nani, na mbona ameingia nyumba ya watu akaanza kutoa amri bila hata kusalimia. Silasi alilifikisha swali kwa Mzee Ghalibu. Wiki iliyofuata ukatoka waraka. Ndiyo maana vijitabu vyetu vyote vya samadi vinaanza na shikamoo. Wageni kutoka Dar es Salaam hucheka. Bibi wa Puge aliitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho.

Vibao vikaenea. Mzee wetu akawa mtu wa semina, makongamano na vikao vya kuandaa vikao, na vyote, kwa bahati mbaya, huanza jioni, saa ile ile ambayo baba mwema anatakiwa awe nyumbani anasoma. Matokeo yake kila mtu Isevya anayajua, na mimi nayasema kwa sababu kesho hana tena mamlaka ya kunihamisha: katika shina lake la nyumba kumi, tisa zina kibao. Ya kumi, isiyo nacho, ni ya kwake.

Si kwamba hakukitaka. Alikitaka mno! Lakini balozi wake ni Bi Mwanne muuza vitumbua, mwanamke asiyepinda. Mzee alimtuma karani akasome kwa niaba yake. Bi Mwanne akampa karani kitumbua na kumwonyesha njia. Mzee akaomba kibao cha muda tu. Akasomewa sharti lake mwenyewe, na mstari wake. Siku alipomleta nyumbani mgeni mkubwa kutoka wizarani, alimpitisha mlango wa uani, akieleza kwamba mbele kuna matope. Ilikuwa mwezi wa saba. Tabora, jamani!

Juma lililopita kamati ilipendekeza tumzawadie kibao hicho leo, hapa ukumbini. Bi Mwanne alikataa kata kata. Nikaenda kwa Bi Nunu, mke wa Mzee, nikidhani atatuombea. Alicheka, akatoa kabatini kitabu kilichochakaa, katikati kimechomekwa njiti ya kiberiti. Akanieleza kwamba walipokuwa maharusi wapya mumewe alikuwa akimsomea hicho kila jioni. Ni kisa cha mpagazi wa msafara anayetoka hapa kwenda Ujiji. Alipofika mto Malagarasi, umefurika, mzigo uko kichwani, Mzee akaitwa ofisini kwa kikao cha dharura. Akachomeka njiti akasema anarudi sasa hivi.

Bi Nunu hakujua kusoma wakati ule. Leo anajua, alihitimu darasa la jioni lililoanzishwa na waraka wa mumewe, na wajukuu anawasomea yeye. Nikamuuliza kwa nini basi hakujimalizia mwenyewe. Akasema mwenye ahadi yuko hai, na yeye hana haja na bati mlangoni. Nilirudi ofisini nikashindwa hata kupiga chapa. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia Mzee wangu ninayempenda.

Tunakushukuru, Mzee Ghalibu, kwa nyumba zote ulizozifundisha kukaa pamoja zikasikilizana. Tulikununulia saa ya ukutani, lakini tumeirudisha dukani. Saa umeshaziangalia vya kutosha. Sherehe hii tutaifunga mapema, hotuba ya mwenyekiti imefutwa, na Bi Mwanne ameshakaa sebuleni kwako na kibao mapajani. Mwenyezi Mungu akupe afya na jioni ndefu. Sasa ondoka, baba, nenda nyumbani. Yule mpagazi bado amesimama ukingoni mwa Malagarasi na mzigo wake. Kamvushe, mkeo anasubiri.

Katarina Lugembe, mpiga chapa